Shosho Mmoja kwa Mitungi Miwili

Jumanne ile shule nzima ilienda nyumbani saa nane mchana. Kengele ililia, watoto wakamwagika langoni wakisukumana na kupiga mbinja, na walimu nao hawakuuliza saa, kwa kuwa mwalimu pia ni mtu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshafika kwake Njiru, amevua viatu na kujimiminia chai, ndipo alipotazama ukutani akaona bado saa tisa haijapiga. Madam Perez, naibu wa mwalimu mkuu, alitoka msalani akakuta uwanja mtupu, madirisha wazi na upepo unafunua madaftari ya watu. Kwa dakika moja nzima, Mungu amsamehe, aliamini kwamba unyakuo umetokea na yeye ameachwa.

Aliyepiga kengele ni Tiffany, msichana wa Gredi ya Tisa, na ndiye aliyekuwa amekabidhiwa kengele hiyo kwa sababu ya nidhamu yake nzuri.

Nyanyake, Shosho Nduta, alizipata habari hizo jioni mlangoni pa jengo lao pale Kware, akikaanga viazi karai. Wateja walimhadithia, naye akacheka mpaka akaunguza karai zima. Alicheka akijifuta machozi kwa pindo la leso, akasema, "Haiya! Na huyo mtoto ni wa nani? Wazazi wengine wana kazi!"

Jumatano saa tatu asubuhi Tiffany akarudi na mkoba mgongoni na barua mkononi.

"Soma," Shosho Nduta akasema, kijiti cha kugeuzia viazi kikiwa hewani.

Tiffany akasoma. Mwanafunzi aliyetajwa amevunja kanuni ya kwanza, ya nne na ya kumi na moja za mwenendo shuleni. Arudi nyumbani. Asikanyage darasani mpaka mlezi wake halisi afike mwenyewe ofisini na kitambulisho, na kutia sahihi mkataba wa nidhamu.

"Halisi," Shosho akarudia neno lile polepole.

"Imepigiwa mstari, Shosho. Mara mbili." Tiffany akakunja barua. "Na Jumatatu miradi ya tathmini inaanza. Mwenye hayuko, alama hana. Nikikosa hizo alama, hiyo shule ya upili nilitaka niisahau tu."

Shosho Nduta akaketi kwenye ndoo yake. Hakupiga kelele. Alikuwa amelea watoto watano na wajukuu wanne katika nyumba za chumba kimoja kimoja, na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake ikipita ukuta. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na si kwa sababu ya kengele.

Shida ilikuwa kwamba pale ofisini kwa Madam Perez, Shosho Nduta alijulikana. Alijulikana sana. Ila hakujulikana kama shosho wa Tiffany.

Mambo yalikuwa hivi. Wazazi wa Kware huamka gizani wakatembea kwenda viwandani, au wakaketi kando ya barabara kule mtaa wa Fedha wakingoja kuitwa kufua nguo za watu. Mzazi akiitwa shuleni saa mbili asubuhi, siku hiyo haina mshahara, na pengine kesho yake kazi yenyewe ina mtu mwingine. Kwa hivyo mtoto akiambiwa alete mzazi, haendi kwa mzazi. Anatafuta mtu mwenye nafasi na uso wa heshima. Na katika jengo lile, hapakuwa na uso wa heshima kushinda wa Shosho Nduta. Ana mvi, ana leso, anajua kutikisa kichwa mwalimu akiongea, na panapofaa anatoa chozi moja, si mawili.

Pesa hakuchukua hata siku moja. Mtoto alimbebea tu mitungi miwili ya maji kutoka kwa bomba la chini mpaka ghorofa ya tano. Yeye hakuita kazi hiyo kukodishwa. Aliiita kusaidia.

* * *

"Luseno," Shosho Nduta akamwambia fundi wa viatu anayeketi mkabala na karai lake, "kesho utakuwa mjomba wa Tiffany."

Luseno akatoa misumari midomoni. "Mimi ni Mluhya, Shosho."

"Na mimi nilikuwa Mjaluo mwezi wa tano. Kwani nilikufa?"

"Kwa Madam Perez siendi. Juzi nilienda nikiwa baba ya mtu. Yule mama akaniambia nivue kofia, akanihubiria nusu saa, nikatoka pale nimeacha sigara. Mtoto mwenyewe hakuacha kitu!"

"Nitakupa viazi wiki nzima."

"Hata ukinipa karai. Mimi sasa nikiona lango la shule nasikia kutubu."

Tiffany alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza, mikono kifuani. "Sitaki Luseno," akasema. "Nataka wewe."

"Mimi nimetumika, Tiffany! Nikiingia pale nitakuharibia."

"Barua imesema mlezi halisi. Mlezi wangu halisi ni nani?"

Shosho Nduta akatazama viazi. Mama yake Tiffany alikuwa kwenye shamba la maua Naivasha, na huko simu huachwa langoni mpaka jioni. Akatazama barabara, akatazama mbingu, kisha akamtazama jirani yake wa ghorofa ya pili, mama mnene aliyekuwa akipita na miwani yake mikubwa ya kusomea Biblia.

"Wewe," akamwita, "hebu niazime hayo macho yako mpaka kesho."

* * *

Miwani ile ilikuwa na nguvu za ajabu. Shosho Nduta aliiona ardhi ya shule iko mbali sana, kama inayotazamwa kutoka darini, akawa anainua mguu juu kila hatua kama jogoo kwenye matope. Alimsalimu mti. Alimsalimu bawabu mara mbili. Kitambaa chekundu kichwani kilikuwa kipya, na koti alilazimika kukunja mikono yake kwa kuwa lilikuwa la marehemu mumewe. Tiffany alimshika kiwiko, akijikaza asicheke, na alipofika mlango wa ofisi alikuwa ameng'ata mkoba wake.

"Karibu, nyanya," Madam Perez akasema. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika uwanjani bila kipaza sauti. Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na kanuni kumi na nne za mwenendo, zimeandikwa kwa mkono na kutiwa fremu. "Kitambulisho?"

Shosho akatoa kitambulisho. Madam Perez akakitazama. Akamtazama mwenyewe. Akakitazama tena.

"Vua miwani, tafadhali."

"Macho yananisumbua, mwalimu."

"Hata mimi yangu yananisumbua. Yananionyesha mtu ninayemjua."

Shosho Nduta akavua miwani. Madam Perez akavuta kitabu cha wageni, akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa, na hapo moyo wa Shosho ukafanya kama mafuta yaliyotiwa maji.

"Mwezi wa tano," Madam Perez akasoma. "Nyanya wa Winny Obonyo, Gredi ya Saba. Nikakusalimu Oyawore, kwa lugha ya kwetu, nikifurahi nimepata mama wa nyumbani. Ukaniambia umefunga na kuomba, na katika mfungo huo huongei lugha ya nyumbani."

"Nilikuwa nimefunga kweli, mwalimu. Asubuhi hiyo hata chai sikunywa."

"Mwezi wa sita, siku ya wazazi. Nyanya wa Kimani, Gredi ya Nane. Ukalia hapa hapa. Nikakupa kitambaa changu cha mkononi."

"Nilikifua," Shosho Nduta akasema haraka, akakitoa kifuani. Kilikuwa kimepigwa pasi na kukunjwa pembe nne. Akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Madam Perez akakitazama kile kitambaa. Nje ya mlango mtu alikohoa, kikohozi cha kuficha kicheko.

"Na leo ni nyanya wa Tiffany. Mama, kesho utakuwa wa nani? Wangu?"

"Leo ni wa kweli, mwalimu. Nakuapia."

"Ni shosho wangu, Madam," Tiffany akasema.

"Hivyo ndivyo Winny alivyosema. Kwa sauti hiyo hiyo." Madam Perez akafunga kitabu. "Kitambulisho kinasema Nduta. Cheti cha Tiffany kina jina la mamake tu. Mimi nitajuaje? Tiffany, nenda nyumbani. Jumatatu ukija na mlezi wako, mradi utafanya. Usipokuja naye, hutafanya."

Tiffany akaanza kupumua kwa haraka. Shosho Nduta aliona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kusimama mbele ya walimu, machozi mawili yalitoka badala ya moja, na hakuna aliyemwamini.

"Niulize chochote," akasema. "Mimi nimemlea tangu ana meno mawili. Niulize!"

Madam Perez akamtazama sana. "Haya. Tiffany anapenda somo gani?"

"Hesabu!"

"Kilimo," Tiffany akasema.

Shosho Nduta akageuka. "Kilimo? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Uko ghorofa ya tano, Tiffany. Unalima nini, sakafu?"

"Nilipanda sukuma wiki kwa gunia! Juu kabisa, kwenye kamba za nguo! Nilimwagilia miezi miwili, nikaandika kwa daftari kila siku majani ni mangapi, kisha wewe ukapanda ukayachuma ukayapika!"

"Zile mboga..." Shosho akashika kinywa. "Zile zilikuwa za mwalimu?"

"Zilikuwa za mradi! Nilikuja nyumbani nikakuta alama zangu ziko kwa sufuria!"

"Na ukazila!"

"Ningefanya nini, zilikuwa zimeiva!"

"Ukaomba ziongezwe! Ukasema, Shosho, leo umezipatia!"

"Kwa sababu zilikuwa tamu! Lakini hukuniuliza! Wewe huniulizi kitu! Ukiamka ni viazi, ukimaliza viazi ni kesi za watoto wa watu!"

"Hao watoto wa watu ndio wanakubebea maji unayoogea kama bibi harusi! Mitungi yote hiyo unadhani hupanda ngazi yenyewe?"

"Nitabeba mimi! Nilikuambia nitabeba!"

"Na huo mgongo wako wa karatasi? Juzi ulibeba mkate ukalala siku mbili!"

"Nilikuwa na malaria!"

"Ulikuwa na simu!"

Sauti ya Shosho Nduta ilikuwa imepita ukuta. Ilikuwa imepita ukuta wa ofisi, wa chumba cha walimu na wa Gredi ya Nne, ambako watoto walikuwa wameacha kusoma na kuweka kalamu chini. Mlangoni mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama akiwa na rundo la karatasi ambalo hakulihitaji, na nyuma yake bawabu, na nyuma ya bawabu mpishi.

"Na siku ya wazazi," Tiffany akasema, na sauti yake ikashuka ghafla, "ulikuwa hapa. Kwa hii shule. Nikakuona umekaa benchi ya tatu. Nikakupungia mkono. Ukaniangalia hivi, ukaangalia pembeni. Kwa sababu siku hiyo ulikuwa shosho wa Kimani."

Shosho Nduta akaiweka miwani mezani.

"Madam akaniuliza wangu yuko wapi. Nikasema ni mgonjwa. Nilikuwa namba mbili, Shosho. Darasa la watoto sitini na tano. Nikasimama na hiyo karatasi ya matokeo peke yangu."

"Kimani alikuwa na kesi," Shosho akasema polepole. "Wangemfukuza. Wewe hukuwa na kesi, mami."

"Ndiyo. Sikuwa na kesi." Tiffany akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kwa hivyo nikaona, nikitaka uje, lazima niwe na kesi. Sasa niko nayo. Na umekuja."

Shosho Nduta akatafuta kitu cha kujifutia uso, akapapasa kifuani, hakuna. Madam Perez akasukuma kile kitambaa kilichokunjwa pembe nne, kikarudi upande wake wa meza.

"Ulifukuza watu mia nane," Shosho akasema hatimaye, "ili niitwe mimi?"

"Sikujua walimu pia wataenda."

Mlangoni mwalimu wa hesabu akalipuka. Alicheka akaziangusha karatasi zote, bawabu akamshika asianguke, na yeye mwenyewe bawabu akawa anahitaji kushikwa. Madam Perez alijaribu. Aliikaza midomo, akatazama kanuni zake kumi na nne ukutani moja baada ya nyingine kama anayeomba msaada, akafika ya sita akashindwa. Akaweka kichwa juu ya kitabu cha wageni, mabega yakawa yanaruka.

"Mimi nimefundisha miaka kumi na tisa," akasema alipopata pumzi. "Nimeletewa baba wa kukodi, shangazi wa kukodi, hata kasisi wa kukodi. Lakini ugomvi kama huu haukodishwi. Hamna mtu anauza huu. Mama, keti. Wewe ni nyanya yake."

* * *

Lakini muhuri hakuupiga.

Aliutoa kwenye droo, akauweka juu ya mkataba wa nidhamu, akauacha hapo. Akasema mtoto ana kosa lake na atalilipa: wiki mbili atabaki nyuma kila siku akifagia madarasa manane. Kisha akasema nyanya naye ana lake. Jumatatu kabla ya masomo kuanza, anataka kumwona mzazi wa kweli wa Winny na mzazi wa kweli wa Kimani. Wakija, muhuri utapigwa na Tiffany ataingia kwenye mradi. Wasipokuja, mkataba utabaki mezani.

"Siwafukuzi watoto wao," akaongeza. "Nataka tu kujua naongea na nani."

Jumamosi Shosho Nduta akafunga karai mapema, akaenda kwa baba yake Winny, Obonyo, mchomeleaji wa vyuma. Alimkuta anashona dirisha kwa moto, cheche zinaruka hadi barabarani.

"Winny ana kesi?" Obonyo akauliza akiinua ngao ya uso.

"Alikuwa nayo mwezi wa tano. Ilikwisha. Niliimaliza mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama mama yako."

Obonyo akazima mashine. "Mama yangu yuko Ugenya anapalilia mahindi."

"Kwa Madam Perez yuko Kware anauza viazi. Sasa anataka kukuona wewe, na usipoenda mjukuu wangu atapoteza mwaka. Baba Winny, nimekukosea, nimejifanya mama yako bila ruhusa. Unaweza kunitukana, lakini Jumatatu uende."

Obonyo hakutukana. Alitazama mikono yake myeusi kwa muda. "Alifanya nini?"

"Alimng'oa mwenzake kishikizo. Mwenzake alimwambia babake hajawahi kuonekana, labda hayuko."

Obonyo akaketi juu ya dirisha la watu. "Mama," akasema, na hakusikia alivyomwita, "saa mbili siwezi. Saa moja mwenye kibanda anagawa kazi. Nikikosa, namkuta mtu mwingine ameshika mashine yangu."

Na mama yake Kimani, aliyempata Jumapili baada ya kanisa, akasema vile vile kwa maneno mengine. Alifua nguo kwenye nyumba moja Fedha, na tajiri wake alihesabu dakika kama mtu anayehesabu vijiko vya fedha baada ya wageni. "Alinipunguzia nusu siku kwa sababu ya kuzika dada yangu," akasema. "Nimwambie nini, ati mtoto amechelewa kupanga mstari?" Kisha akamshika Shosho mkono na kumwuliza kwa aibu, kama mtu anayeulizia mambo ya mji wa mbali, "Na hiyo siku ya wazazi, walisema nini juu yake?"

Jioni ile Shosho Nduta akamwambia Tiffany ampigie Madam Perez simu, kisha akaishika mwenyewe.

"Mwalimu, wanataka kuja. Lakini wazazi wa Kware hawana saa mbili. Saa mbili ni ya watu wenye magari."

Simuni ilisikika sufuria, ilisikika redio, halafu Madam Perez akashusha pumzi.

"Mimi ninaamka saa kumi na moja hata hivyo," akasema. "Waambie saa kumi na mbili na robo nitakuwa ofisini. Na, mama?"

"Ee, mwalimu."

"Nisione mtu yeyote amefunga na kuomba."

* * *

Shosho Nduta aliwaambia watu wawili tu. Lakini jengo la Kware lina nyumba sitini na kuta za kadibodi, na simu ile ilipigwa dirisha likiwa wazi. Jumatatu saa kumi na mbili na robo, bawabu alipofungua lango, alikuta foleni imefika kwenye kibanda cha Luseno.

Obonyo alikuwa mbele, amevaa shati jeupe lenye mistari ya mikunjo ya dukani. Mama yake Kimani alikuwa na beseni lake la kufulia, ili akitoka aende moja kwa moja. Nyuma yao kulikuwa na Kware nzima: wapishi, wajenzi, makuli, walinzi waliokuwa ndio kwanza wanatoka zamu na usingizi machoni. Mmoja alijitambulisha kwa Madam Perez akisema, "Mimi ndiye baba halisi wa yule mtoto ambaye babake wa kukodi ulimhubiria mpaka akaacha sigara."

"Na wewe unavuta?"

"Navuta."

"Keti hapa mbele," Madam Perez akasema, akitabasamu mpaka meno ya nyuma.

Zilikuwa dakika thelathini za vurugu tamu. Baba mmoja aliulizwa mtoto wake yuko gredi gani, akasema ya sita, mtoto akasema, "Nane, baba", baba akasema, "Na mbona huniambii ukipanda?" Mama Kimani alisoma kanuni zote kumi na nne kwa kidole, akafika ya tisa, ya kuchelewa mstarini, akamfinya Kimani sikio papo hapo, kisha akambusu pale pale alipofinya. Winny alimshika babake shati kwa nyuma na kumtembeza mbele ya kila dirisha la Gredi ya Saba, polepole, hata madirisha ambayo hayakuwa njiani.

Saa moja kasoro robo ilipogonga, wakatawanyika mbio. Akabaki Shosho Nduta kwenye benchi, hana miwani, hana koti la mumewe. Tiffany aliketi kando yake, magoti yakicheza.

Madam Perez akavuta ule mkataba. Akampa Shosho kalamu. Yeye akaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, akilitazama kila moja kabla ya kwenda kwa nyingine, na hakuna aliyemharakisha. Muhuri ukashuka. Mlio wake ulikuwa mdogo tu, lakini Tiffany aliruka.

"Nenda darasani," Madam Perez akamwambia. "Na wewe, mama, asante. Unaweza kwenda."

"Kwenda wapi?" Shosho Nduta akauliza.

"Nyumbani. Kesi imekwisha."

"Kesi ndiyo imekwisha." Shosho akasimama, akajikung'uta leso. "Mimi nimefunga karai siku nzima. Hapa kuna kanuni ya kumkataza mzazi kukaa nyuma ya darasa?"

Madam Perez akageukia ukuta, akapitia kanuni zake kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Haikuwapo.

Kwa hivyo Gredi ya Tisa ilianza asubuhi ile na wanafunzi sitini na tano na shosho mmoja, amebanwa kwenye dawati la nyuma, magoti yakifika kidevuni. Wavulana waligeuka kumtazama, wakasema, "Niaje, Shosho!" akawajibu, "Poa, angalieni mbele." Tiffany alikuwa ameficha uso nyuma ya kitabu. Kila baada ya muda kitabu kilishuka kidogo, macho yakatazama nyuma, yakahakikisha, kitabu kikapanda tena.

Mwalimu wa sayansi akauliza ni kwa nini chuma kikiachwa mvuani hupata kutu. Mkono mmoja ukainuka. Tiffany akasimama, akaeleza hewa inavyofanya na maji yanavyofanya, kwa maneno marefu ambayo Shosho Nduta hakuelewa hata moja.

"Sawa kabisa," mwalimu akasema.

Makofi yakalipuka kutoka nyuma, makubwa, ya mikono iliyozoea kupiga unga, na kigelegele kimoja juu yake.

"Shosho," mwalimu akasema kwa upole, "katika darasa hili hakuna kupiga kelele bila ruhusa. Kanuni ya tano."

"Nisamehe, mwalimu."

Shosho Nduta akatulia. Akaunganisha viganja mapajani. Akatazama kisogo cha mjukuu wake safu tatu mbele, kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia juu, wima, kidole kimoja kikielekea darini, akaushikilia hapo kwa subira mpaka mwalimu alipouona.

"Ndiyo, Shosho?"

"Ruhusa, mwalimu."

"Ya nini?"

"Ya kupiga makofi. Sikuwa nimemaliza."